Mmoja Abaki Juba

Dada yangu Awino alighairi safari yake ya Kampala siku tano kabla ya sisi kuondoka, na habari hiyo alinipa akiwa ameshika sinia la chapati mbele ya watu, ili nishindwe kupandisha sauti.

"Nimeamua niende na nyinyi huko milimani," alisema. "Imma hajawahi kulala nje bila mimi."

"Kwa hiyo Kampala basi?"

"Kampala haihami."

Nilichukua chapati. Ningefanya nini? Nilikuwa nyumbani kwake Atlabara, Jumapili baada ya ibada, nimekalia kochi lake lenye vitambaa vyake, na yeye ni mkubwa wangu kwa miaka sita. Lakini ndani nilikuwa nachemka. Safari hiyo niliipanga kwa miezi miwili, na niliipanga juu ya tarehe zake za Kampala kwa makusudi. Awino ni mwalimu. Shule zikifungwa Desemba huenda Kampala kwa shangazi wa marehemu mumewe, kila mwaka bila kukosa. Mwaka huu tu ndio ameamua kukosa, na mtu asiniambie imetokea tu.

Niseme mapema, nisije nikaonekana mkorofi wa bure. Imma ni mtoto wangu. Huyo Immaculate wa miaka kumi na mitatu, aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka na waya za simu masikioni wakati haya yanasemwa, nimemzaa mimi, Jedidah. Baba yake alijitoa kabla hajazaliwa. Imma alipofika miaka miwili nilipata kazi Juba, nikamwacha Kisumu kwa Awino, nikasema ni kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja ukawa minane. Halafu Awino, akiwa mjane, naye akapata kazi ya ualimu hapa hapa Juba, akaja naye. Sasa huu ni mwaka wa tatu tunaishi mji mmoja, mimi Gurei, wao Atlabara, na mtoto bado ananiita Aunti. Ukweli anaujua. Aliambiwa akiwa na miaka tisa, akasema "sawa", akarudi kucheza. Kanisani, sokoni, shuleni, Mama Imma ni Awino. Hata mimi humwita hivyo mbele za watu, maana ndilo jina lake.

Kwa hiyo nilitaka siku nne. Siku nne na mtoto wangu mahali ambapo Awino hayupo, kisha nimuulize kama Februari, shule zikifunguliwa, atahamia kwangu. Chumba kiko tayari Gurei. Kitanda kipo, neti ipo, na kuta nimezipaka kijani kwa sababu niliwahi kumsikia akisifu gauni la rangi hiyo. Kama angekataa, basi akatae mwenyewe, si kwa kuangalia kwanza uso wa Awino. Hilo tu ndilo nililolitaka, na hilo ndilo Awino alilokuja kulikalia.

Gilo, huko milimani, nilikuchagua kwa masikio. Mimi ni mhudumu wa chumba cha redio katika shirika moja la misaada. Magari yakitoka Juba yananiripoti kila saa, na mimi naandika yamefika wapi na yana watu wangapi. Kwa miaka kumi na moja nimewapeleka watu kila pembe ya nchi hii bila mimi kuinuka kitini. Madereva waliopanda milima ya Imatong hadi Gilo walikuwa wakiniambia, "Madam, huku tumevaa sweta," na mimi niko Juba nimefungua vifungo vya blauzi kwa joto, jenereta inanguruma dirishani. Walisema kuna miti mirefu hadi shingo inauma kuiangalia, na maji unayakinga kwenye kijito unakunywa. Nikasema siku moja nitakwenda huko na Imma.

"Haya, tuone mpango," Awino alisema. Aliketi, akavaa miwani yake ya kusahihishia madaftari, akanyoosha mkono. Nilimpa karatasi.

Aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, vile anavyosoma insha ya mtoto aliyeshindwa. "Dereva, Yafesi. Mpishi, Kevina mke wa Yafesi. Abiria, Imma na Jedidah. Hema kubwa, Yafesi na Kevina. Hema dogo, Imma na Jedidah." Alishusha miwani. "Sasa mimi nalala kwenye boneti ya gari?"

"Hukuwa kwenye safari."

"Sasa niko. Kwa hiyo hema dogo ni mimi na Imma. Wewe utapata pa kulala, wewe ni mtu wa mafield."

"Mama Imma, mahema hayo nimeyaazima mimi."

"Na mtoto umemwazima kwa nani?"

Yafesi, ambaye alikuwa amekuja tu kujua twaondoka saa ngapi, aliinamia chai yake. Ni Mganda, mtu mpole, miaka minne aliendeshea shirika letu kabla ya kujinunulia Land Cruiser yake mwenyewe. Anaifahamu sauti yangu kuliko uso wangu. Nadhani siku hiyo alitamani angeifahamu sauti tu.

"Imma ana kifua," Awino aliendelea, safari hii akimhutubia Yafesi kana kwamba mimi nimetoka nje. "Akishikwa na baridi anakohoa mpaka asubuhi. Lazima apakwe dawa mgongoni, si kifuani, mgongoni. Halafu hali mayai ya kukaanga. Halafu akiwa kwenye siku zake anataka maji ya moto. Haya mambo yameandikwa wapi kwenye mpango huu?"

"Ungeniambia ningeandika."

"Mama haambiwi."

Nilitaka kumrushia kikombe. Nasema kweli, nilikiangalia kikombe nikapima. Badala yake nikasema kwamba mama mwenyewe anamkataza mtoto kuogelea, kupanda boda, kulala kwa rafiki, na sasa hata kupanda mlima bila kulindwa, na kwamba mtoto wa miaka kumi na mitatu si yai. Awino akasema ni rahisi kulegeza kamba ambayo hukuisokota. Nikamwambia kamba ni ya mbuzi. Imma alikuwa bado amelala kifudifudi, miguu imekunjwa hewani, lakini niliona kidole chake kimeacha kusogea kwenye simu.

Kutoka hapo tulipigana juu ya kila kitu. Awino alitaka kubeba godoro. Alitaka viti vinne vya plastiki, gunia la makaa, jiko, sufuria mbili, debe la unga, na omena wa kututosha hadi Pasaka. Mimi nilitaka mikate, maharage ya kopo na kisu cha kuyafungulia. Alisema sitamlisha mtoto wake makopo kama askari. Nilisema hatuhami, tunakwenda kutembea.

"Mama, mimi iko nasema tu," Yafesi alijaribu. "Gari yangu nabeba watu. Hapana beba nyumba. Barabara ya Katire kwenda juu ni mawe, mawe. Godoro, malesh, pole mama, hapana."

"Yafesi, wewe uko upande gani?"

"Upande ya springi, mama."

Alicheka peke yake. Ndipo nikafungua mkoba nikatoa fomu.

Fomu hizo ni za kazini kwetu. Bosi wangu, Marino, alikuwa amekubali gari letu liripoti kwenye chumba cha redio cha shirika, kwa sharti kwamba kila kitu kifanyike kama safari ya kazi. Kila abiria anajaza yake: jina, kundi la damu, ugonjwa kama upo, na chini kabisa, mtu wa kupigiwa simu likitokea jambo. Mtu huyo lazima awe Juba. Lazima awe na simu inayopatikana. Na lazima asiwe kwenye gari hilohilo.

Sharti hilo la mwisho niliomba liwekwe mimi. Miaka miwili nyuma gari moja liliacha kuripoti. Nilingoja dakika zinazotakiwa, kisha nikafungua faili nikaanza kupiga namba. Abiria mmoja alikuwa amemwandika mkewe, na mkewe alikuwa ameketi kando yake. Niliipiga simu ya yule mama mchana kutwa, ikaita, ikaita, humo humo ndani ya gari tulilokuwa tukilitafuta. Walipatikana kesho yake, wazima kwa bahati, gari limezama matopeni. Lakini mimi sikupona na ule mlio. Tangu siku hiyo kama umeandika jina la mtu, mtu huyo anabaki, na kama anakwenda, unaandika mwingine. Sijawahi kumlegezea yeyote, hata wakubwa.

"Huyu mama ya redio hapana cheza," Yafesi alimwambia Awino. "Mimi alinishusha bibi yangu Kevina kwa gari, safari ya Yei, kwa sababu ya hii karatasi. Kalas, imekwisha, alibaki."

"Na kwa mtoto," nikasema, sauti yangu imetulia kwa mara ya kwanza mchana huo, "anayeandikwa lazima awe mzazi au mlezi. Mtu anayeweza kutia sahihi hospitali. Si mchungaji, si jirani."

Awino si mjinga. Nilimwona akihesabu. Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni, ingawa haikuwa na vumbi.

"Kwa hiyo mmoja wetu anabaki."

"Ndivyo sheria inavyosema."

"Na ni nani?"

"Atakayeandikwa. Imma aandike vile anavyoandika siku zote."

Sasa mnaona nilichokifanya. Kila fomu ya shule, ya zahanati, ya kambi ya kanisa, Imma ameandika Awino, uhusiano: Mama. Nimeziona. Moja niliiona imebandikwa ukutani kwa mwalimu wake na sikula siku hiyo. Lakini safari hii nililitaka jina hilo. Niliomba aliandike kwa herufi kubwa. Nilikuwa tayari kumeza uchungu wa mstari mmoja ili Awino abaki Juba na jina lake, na mimi niende Gilo na mtoto. Nilijiona mjanja sana.

"Umekuja na mtego nyumbani kwangu," Awino alisema polepole. "Umekula chapati zangu, na mtego uko mkobani."

"Nimekuja na fomu."

"Jedidah, wewe ni mtu mbaya. Wacha nikwambie mbele ya mgeni. Ulimtupa huyu mtoto, nikamwokota. Sasa ameota mbawa umekuja na karatasi."

"Sikumtupa!" Nilisimama. "Nilimwacha kwa dada yangu! Sikujua dada yangu atamgeuza wake!"

"Ningemgeuza wa nani? Alikuwa analia usiku anamwita mama, ningemwambia nini, asubiri barua?"

"Nipeni kalamu," Imma alisema.

Alikuwa amekaa. Waya zilikuwa zinaning'inia shingoni, na simu ilikuwa imezimwa, sijui tangu saa ngapi. Yafesi alimpa kalamu yake kutoka mfukoni haraka sana, kama mtu anayelipa faini.

"Imma, si lazima," Awino alimwambia. "Tunaweza kukosa kwenda wote. Kuna hiyo milima kwetu pia."

"Nataka kwenda," Imma alisema. "Nimeshaambia marafiki."

Alijaza akiwa mkekani, fomu juu ya kitabu cha nyimbo, ulimi kwenye kona ya mdomo. Mimi nilikuwa nimesimama, Awino ameketi, na hakuna aliyekuwa akimwangalia mwenzake. Jina. Kundi la damu alimuuliza Awino, akajibiwa papo hapo. Mimi sikulijua. Ugonjwa: kifua. Alipofika chini hakusita hata kidogo. Aliandika, akainuka, akanipa mimi.

Nilisoma. Halafu nikasoma tena, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejiandaa kwa jina lingine.

Mtu wa kupigiwa: Jedidah Atieno. Uhusiano: Mama.

Nitasema ukweli. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi tangu azaliwe. Neno hilo, kwa mwandiko wake, na mimi ndimi. Nililigusa kwa kidole. Nilitaka kumwonyesha Awino, nilitaka kumsukumia usoni. Kisha pumzi ikaisha, nikaelewa. Aliyeandikwa anabaki.

"Imma," nikasema. "Umeelewa nilichoeleza? Ukiniandika mimi, mimi siendi."

"Nimeelewa."

"Safari hii nimeipanga kwa ajili yako. Mimi na wewe."

"Najua. Nilijua ulitaka niandike Mama ndio abaki. Sikuwa nimewasha mziki, Aunti. Nilikuwa nasikia." Aunti. Kwenye karatasi Mama, mdomoni Aunti.

"Basi kwa nini?"

Aliinua mabega. Alikuwa na uso uleule wa Awino wa kusahihisha madaftari, na nikauchukia uso huo juu ya mtoto wangu.

"Nikiwa na miaka sita nililazwa, Kisumu," alisema. "Kifua. Mama alikupigia siku tatu. Nilikuwa naona. Alikuwa anaweka simu kitandani kwangu, kwa spika, ndio nikusikie ukishika. Inaita tu mpaka inakatika. Mimi nilikuwa najua sauti ya simu yako ikiita kuliko sauti yako."

Awino alisema, "Imma, inatosha."

"Nilikuwa field," nikasema. "Kulikuwa hakuna mtandao."

"Ilikuwa inaita," Imma alisema. "Bila mtandao haiiti."

Ilikuwa inaita. Hata Awino sijawahi kumwambia. Nilikuwa chumbani kwangu hapa Juba, simu juu ya meza, nikiiangalia ikitetemeka. Nilijua Awino ataniambia rudi. Mkataba wangu mpya ulikuwa haujatiwa sahihi, na nilijua nikimsikia mtoto akikohoa nitarudi kweli. Kwa hiyo sikushika. Siku ya nne Awino alituma ujumbe kwamba mtoto ametolewa hospitali, nikajibu kwamba nilikuwa porini. Mimi, ambaye kazi yangu ni kushika kila anayeita.

"Mimi nimengoja sana," Imma alisema. Hakupaza sauti, na hakuwa analia. "Sasa ngoja wewe. Sisi tutakuwa tunakupigia."

Yafesi aliweka kikombe chini, akasema anakwenda kuangalia tairi, na akaenda. Tulibaki watatu. Awino aliichukua fomu mkononi mwangu akaisoma, na midomo yake ikacheza kidogo alipofika kwenye lile neno. Ilimuuma, niliona. Miaka kumi na moja, na mahali pa mama pameandikwa mtu mwingine. Nilifurahi imemuuma. Siombi msamaha kwa hilo.

"Jedi," alisema. Jina hilo hajaniita tangu tukiwa wasichana. "Nitabaki mimi. Aandike upya. Nenda naye."

Sijui kama alisema kwa wema au kwa kunionyesha kwamba yeye anaweza kutoa na mimi siwezi. Kwa Awino vitu hivyo viwili vinakaa chumba kimoja. Fomu tupu zilikuwa bado mkobani, tano. Ningetoa moja tu. Imma alikuwa ananiangalia, na niliona kwamba alikuwa akilingoja hilo hasa, kwamba nitaikwepa, kwa sababu ndivyo anavyonijua.

"Hapana," nilisema. "Ameniandika mimi."

Nilimnyang'anya dada yangu fomu, nikaiweka juu ya mpango wangu, nikakata jina langu kwenye orodha ya abiria, nikaandika la Awino. Hema dogo, Imma na Awino. Mwandiko ulitoka mbaya. Awino alitaka kusema jambo, nikamwambia asithubutu kunishukuru, na godoro haliendi. Alisema hakuwa na nia ya kunishukuru.

Kisha nikamweleza Imma namna ya kuripoti kwa redio ya gari. Unabonyeza, unahesabu moja, ndipo unaongea, la sivyo neno la kwanza linamezwa. Unataja mahali na idadi ya watu. Unaachia kitufe, unangoja nikujibu. Aliuliza ripoti ni kila saa ngapi, nikamwambia kila saa moja barabarani, na mkishafika Gilo asubuhi na jioni.

"Na nikikupigia katikati, kama hakuna kitu?"

"Piga."

"Utashika?"

"Nitashika."

Imma alichukua kalamu ya Yafesi, akaandika namba yangu kwenye kiganja cha mkono wake, akaniambia niisome kwa sauti ahakikishe ni sahihi.